Ngozi ya Nagi

Mama yake Nagi alitupa sisi wauguzi sharti moja kabla hata hajavua koti lililojaa theluji: mtoto asilie.

"Akilia anapumua harakaharaka," alisema, "na akipumua hivyo, mkono wa kulia unalegea na maneno yanampotea. Kwetu hakuna anayemliza. Akitaka barafu ya maziwa mwezi wa kwanza, na nje kumeganda, anapewa."

"Basi amedeka kweli," nikasema.

"Amedeka vibaya sana, dada. Na wa kulaumiwa ni mimi."

Aliitwa Chinatsu Sugawara. Alikuwa akifanya kazi Yokote, kwenye banda la kukausha figili kwa moshi, na harufu ya moshi wa kuni ilikuwa imemwingia mpaka kwenye nywele. Aliniambia siku ile daktari alipomtajia ugonjwa wa mwanawe kwa mara ya kwanza, alidhani anataniwa, maana jina lenyewe ni neno letu la Kijapani la moshi unaofukafuka. "Nikamwambia, Daktari, moshi nimeuacha kazini," alisema, akacheka peke yake.

Mishipa mikubwa inayolisha ubongo wa Nagi ilikuwa inajiziba, upande wa kushoto ukitangulia. Kuzunguka pale ilikuwa imechipuka mishipa midogo midogo kujaribu kusaidia, na ndiyo inayoonekana kwenye picha kama moshi. Daktari Hirotsu alikuwa anataka kuchukua mshipa mmoja wa ngozi ya kichwa, ule unaopanda mbele ya sikio, aupitishe kwenye dirisha atakalolikata kwenye fuvu, kisha aushone kwenye mshipa wa ubongo. Ameshafanya upasuaji huo mara nyingi kwa watoto, hapa kwetu Akita na kwingineko.

Tatizo ni kwamba mshipa ule hauko pale bure. Ndio unaoilisha ngozi iliyoufunika. Ukishauhamishia kwenye ubongo, ngozi inabaki inategemea vimishipa vya pembeni, na ikizidiwa inakufa. Chini yake kuna fuvu lililokatwa, na chini ya fuvu kuna ubongo.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Jina langu ni Orie Kuwabara. Miaka sita kabla ya Nagi, katika hospitali nyingine, niliona ukingo wa ngozi ya mtoto mmoja umegeuka mweupe kabisa chini ya kulabu za kuivuta. Nilikuwa mgeni kazini, na daktari alikuwa mzee mkali, nikanyamaza. Ngozi ile ilikufa. Wadudu wakaingia mpaka kwenye mfupa, na mtoto akarudishwa kwenye kisu mara tatu. Tangu siku ile najulikana kwa kuguswaguswa na mambo ya ngozi, na wenzangu wananitania kwamba hata nikienda sokoni napapasa matufaha kabla ya kuyanunua nione kama yana michubuko.

Jumatatu ile mchana nilikwenda kumkagua Nagi kitandani. Alikuwa na miaka saba, mwembamba, miwani minene imemkalia puani.

"Mtaninyoa kipara kama mtawa?" aliniuliza.

"Tutanyoa kijia tu."

"Kijia cha upana gani?"

"Kama mkia wa panya."

"Panya mkubwa au panya mdogo?"

"We mtoto! Mdogo."

Akakubali. Nikamkagua visigino, viwiko, mgongo, nyuma ya kichwa. Kisha nikaweka kidole mbele ya sikio la kushoto, nikaupata mshipa unadunda, nikaanza kuufuata kwenda juu. Nilipofika usawa wa kipaji, akaruka. Mdomo ukaanza kupinda.

Mama yake akasimama ghafla. "Asilie!"

"Nagi," nikasema taratibu, "sikugusi tena. Nione kwa macho tu. Unaruhusu?"

Akafikiri. Akaniinamishia kichwa.

Chini ya nywele kulikuwa na bato la ukubwa wa kitufe cha shati, jekundu, linatoa majimaji. Pumu ya ngozi. Alikuwa amelikuna mpaka likachubuka, na lilikuwa limekaa barabara juu ya mstari ambao Daktari Hirotsu angeupitisha kisu keshokutwa asubuhi.

Nilimkuta daktari kwenye korido, anatafuna pipi ya tangawizi kama kawaida yake.

"Kuwabara," alisema baada ya kunisikiliza, "unaniambia niahirishe mshipa wa ubongo kwa ajili ya upele?"

"Nakuambia uje uone."

Alikuja, akaangalia muda mrefu, akatoka. Nje ya mlango akasema, "Nikikata hapo, ngozi yenyewe mbovu na mshipa wake nimeuchukua, itakufa. Nikisubiri, anaweza kupata kiharusi akiwa anasubiri." Akaitafuna ile pipi mpaka ikaisha. "Mpaka Ijumaa. Dawa ya kupaka mara mbili, kucha zikatwe, avae glavu za pamba akilala. Bato likikauka nitapindisha mkato nilizunguke. Lisipokauka tutajua la kufanya."

Hivyo siku mbili zikaongezeka, na mimi ndiye niliyeziongeza.

Jumanne ilipita salama. Jumatano mchana chakula kilipoletwa wodini, Chinatsu alikuwa ameshuka kumpigia simu msimamizi wake. Siku zote alikuwa akimpoozea mtoto chakula mwenyewe, maana Nagi hakuruhusiwa hata kupuliza. Siku ile bakuli la tambi lilikuja linafuka mvuke, na mtoto alikuwa na njaa. Akapuliza, akapuliza tena, na tena.

Mimi nilikuwa naingia na dawa yake ya kupaka. Niliona vijiti vinamponyoka, vikaanguka kwenye mchuzi. Mkono wa kulia ulining'inia pembeni ya kitanda kama si wake. Alinitazama, akafungua mdomo, ikatoka sauti isiyo na neno.

Nikamlaza, nikabonyeza kengele. "Pumua polepole, Nagi. Nifuate mimi. Ingiza, toa." Macho yake yalikuwa makubwa nyuma ya miwani. Madaktari wakaja, wakamwongezea maji kwenye mshipa. Dakika nne. Dakika saba. Katika dakika ya tisa kidole gumba kikacheza, na baadaye kidogo akasema, wazi kabisa, "Tambi zangu."

Chinatsu alikuwa mlangoni, simu bado mkononi. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Alinivuta nje akaufunga mlango taratibu ili mtoto asisikie.

"Leo angekuwa ameshapasuliwa," alisema. Alikuwa ananong'ona, lakini mate yalinirukia. "Leo asubuhi! Ukaja wewe na ngozi yako. Ngozi! Mwanangu anapooza, wewe unamhesabia vipele?"

"Mama Nagi..."

"Usiniite. Angekufa je? Ungekuja kuniambia ngozi yake ilikuwa nzuri?"

Nilitaka kumweleza habari za yule mtoto wa miaka sita iliyopita, nikaona si haki. Mzigo ule ulikuwa wangu. Nikainama, nikamwomba radhi. Aliniacha nimeinama vile vile, akarudi kwa mwanawe. Kesho yake alipokea dawa ya kupaka kutoka mkononi mwangu bila kunitazama, akampaka mwenyewe, kwa uangalifu kuliko mimi.

Ijumaa asubuhi bato lilikuwa limekauka. Lilibaki doa la waridi, ngozi imefunga. Daktari Hirotsu alichora mstari wake kwa kalamu ya zambarau, akaupinda nyuma ya doa lile kama njia inayokwepa shamba la mtu.

Tulimlaza chali, kichwa kimegeukia kulia. Mifupa ya fuvu lake ilikuwa myembamba na daktari hakutaka kukibana kwa misumari, kwa hiyo tulikilaza kwenye pete ya jeli, sikio la chini likikaa wazi katikati ya tundu. Nilipaka mafuta ya kinga kila mahali plasta ingeshika, nikaweka pedi chini ya visigino na bega, nikanyoosha shuka mpaka isibaki hata kunyanzi moja. Daktari Muneoka, mama wa dawa ya usingizi, alinitazama nikikagua sikio mara ya tatu.

"Umemtandikia vizuri kuliko kitanda changu," alisema.

"Wewe kitandani unajigeuza," nikamjibu. "Huyu atalala kwa muda wa saa saba bila kugeuka."

Saa tatu kisu kilianza. Kulabu za kuivuta ngozi zilipowekwa, niliinama nikatazama ukingo. Ulikuwa na rangi.

"Kuwabara, unapumua shingoni kwangu," alisema Daktari Hirotsu.

"Natazama ukingo, Daktari."

"Tazama. Ukibadilika sema."

Nikasema mara mbili asubuhi ile, na mara mbili akalegeza kulabu bila kubisha. Kila nusu saa niliingiza mkono chini ya shuka kubwa, nikapapasa visigino, bega, sikio. Saa sita dirisha la fuvu lilikuwa limefunguliwa. Saa saba kasoro robo akaletewa darubini. Aliubana mshipa wa ubongo kwa vibanio viwili vidogo kama punje za mchele. Toka hapo damu ilikuwa haipiti kwenye mshipa ule mpaka amalize kushona. Mshipa wenyewe ulikuwa na unene wa tambi nyembamba, na uzi hauonekani kwa macho.

"Asiguse mtu meza," alisema, ingawa wote tulijua.

Maji ya kuoshea jeraha yalikuwa yakidondoka polepole muda wote. Nilikuwa nimechelewa kukagua, maana darubini ilipokuwa ikisogezwa niliambiwa nikae pembeni. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono chini ya shuka bila kugusa meza. Vidole vikakuta umajimaji. Maji yalikuwa yamepenya kwenye shuka la chini, pete ya jeli ikateleza kidogo, na sikio la Nagi lilikuwa halimo tena kwenye tundu. Lilikuwa limekunjika, limebanwa kati ya fuvu na ukingo wa pete.

Nilibaki pale sakafuni. Nikisema, mkono wa daktari unaweza kushtuka katikati ya mshono. Nisiposema, nitakuwa yule mgeni wa miaka sita iliyopita. Nikaangalia saa. Mara ya mwisho nilikuwa nimelikagua dakika arobaini na tano nyuma.

Nilingoja mpaka nikaona kwenye skrini ya darubini amefunga fundo na kuachia uzi.

"Daktari, sikio la chini limekunjika. Pete imeloa, imeteleza. Huenda ni dakika arobaini na tano."

Hakuinua macho. "Naweza kuacha sasa?"

Halikuwa swali la muuguzi kujibu, lakini aliniuliza mimi. "Hapana," nikasema. "Huwezi."

"Nimebakiza mishono mitano. Kwa kuhesabu, dakika kumi na mbili. Muneoka?"

"Presha yake naishikilia," alisema Daktari Muneoka. "Shona."

Zile dakika kumi na mbili nilizikaa nimepiga magoti, kidole kimoja kimegusa ncha ya sikio la mtoto. Lilikuwa baridi. Niliingiza pedi kavu mahali ilipoweza kuingia, nikanyonya maji, nikajaribu kupunguza uzito hata kwa unene wa karatasi bila kichwa kucheza. Mgongo ulianza kuwaka. Juu yangu nilisikia tu mashine ikipumua, na Hirotsu akihesabu kwa sauti ya chini. Mmoja. Wa pili. Wa tatu ukakatika, akautoa, akauanza upya. Nilimfikiria Chinatsu kwenye benchi la korido. Nikawaza nitakavyomwambia: nilikuchelewesha kwa ajili ya ngozi ya upande huu, nikakuharibia ya upande ule.

"Wa tano. Naachia."

Akatoa kibanio cha kwanza, cha pili. Kwenye skrini mshipa ulijaa, ukageuka mwekundu, ukaanza kudunda. Kifaa cha kusikilizia kikatoa ile sauti tunayoijua, fyo, fyo, fyo.

"Mikono yangu iko nje," alisema. "Kuwabara, ni zamu yako. Dakika mbili."

Darubini ikainuliwa. Daktari Muneoka alishika paji na kidevu, Hirotsu mwenyewe akakinga jeraha, nami nikaingiza viganja viwili. Tukainua kiasi cha vidole viwili. Nikachomoa pete iliyoloa, nikaingiza kavu, nikalinyoosha sikio. Lilikuwa jeupe kwenye mkunjo, na lenye rangi ya zambarau iliyoiva kuzunguka mkunjo huo. Nikabonyeza, nikaachia. Hakuna kitu. Nikabonyeza tena, nikahesabu. Kwenye sita, wekundu ulianza kurudi kutoka chini, polepole, kama chai inavyopanda kwenye kitambaa.

"Inarudi," nikasema.

"Basi inatosha kwa sikio. Tufunge."

Wakati wa kufunga, ukingo wa ngozi ulivuja damu sehemu tatu. Njia ya haraka ni kuchoma kwa umeme, lakini ukichoma unaua vile vimishipa vichache vilivyobaki. Hirotsu alikuwa amesimama tangu asubuhi. Alikitazama chuma cha kuchomea, akakirudisha kwenye sinia. "Shashi," alisema. Tukabana kwa vidole, yeye na mimi, robo saa nzima, mpaka damu ikakoma yenyewe. Alishona kwa mishono iliyoachana, isiyokazwa.

Nilitoka mimi kwanza. Chinatsu alisimama.

"Mshipa unapitisha," nikasema. "Daktari anakuja kukueleza. Lakini kuna jambo nataka ulisikie kwangu." Nikamweleza habari za sikio, zote, na dakika zake.

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. "Nani aliligundua?"

"Mimi. Lakini nilichelewa."

Aliketi tena, akasogeza mkoba wake pembeni. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ananipa nafasi nikae.

Sikio lilivimba siku mbili kisha likapona. Jeraha ndilo lililotutesa. Siku ya tatu ukingo mmoja ulikuwa na weusi wa ukubwa wa punje ya mchele. Siku ya nne ulikuwa kama haragwe. Hirotsu alikuja asubuhi na jioni, akichora mpaka wa weusi kwa kalamu ili tuone kama unasonga, na kila alipoondoka Chinatsu aliniuliza, "Umesonga?" na mimi nikamwambia ukweli: kidogo.

Siku ya tano niliingia nikamkuta Nagi ameketi anatazama katuni, miwani usoni. Nikasimama mlangoni. Mkono wa kushoto wa miwani ulikuwa umepita juu ya shashi na kuibana, hapo hapo chini ya weusi, mahali vimishipa vya pembeni vinapopandia. Siku zote tulipobadilisha shashi tulimvua miwani kwanza, tukamvisha baadaye. Hakuna aliyeliona.

"Mama Nagi," nikasema, "miwani."

Alielewa mara moja. Lakini Nagi naye alielewa, akaishika miwani kwa mikono yote miwili. "Sioni kitu bila hii! Sioni!" Kidevu kikaanza kutetemeka. Upande wa kulia wa ubongo ulikuwa bado haujafanyiwa lolote. Sharti la kutolia lilikuwa pale pale.

"Hakuna anayekunyang'anya," alisema Chinatsu haraka. Akageukia kwangu. "Una bisibisi? Ile ndogo kabisa?"

Nikakimbia kwa mafundi wa vifaa, nikarudi nayo. Chinatsu aliketi ukingoni mwa kitanda, akafungua skrubu ya upande wa kushoto, akautoa mkono mzima wa miwani. Mikono yake ilikuwa imezoea kufunga figili kwa kamba.

"Haya. Sasa uishikilie mwenyewe, kama mabibi wa zamani kwenye tamthilia."

"Mabibi wa zamani walikuwa wanashika hivi?"

"Wale wenye maringo, ndiyo."

Nagi akaipenda. Akaishika miwani kwa mkono wa kulia, kidole kidogo amekinyanyua, akatazama katuni mpaka mwisho, karibu nusu saa, akimsimulia mama yake kila kinachotokea kana kwamba mama hana macho. Mkono haukushuka. Chinatsu hakutazama katuni hata mara moja. Alikuwa anatazama ule mkono.

Kesho yake weusi ulikuwa ndani ya mstari wa kalamu. Keshokutwa yake pia. Baada ya wiki tatu gamba lilibanduka lenyewe wakati wa kubadilisha shashi, na chini yake palikuwa na ngozi mpya, nyembamba, ya waridi. Nywele hazijaota hapo na Hirotsu anasema huenda zisiote. Ni pa ukubwa wa dengu, na zile za pembeni zinapafunika.

Upande wa kulia tulipanga ufanywe theluji ikishayeyuka. Chinatsu alikuja kusaini karatasi, ameleta figili mbili za moshi zilizofungwa kwenye gazeti, akaziweka mezani kwangu.

"Nilikutukana," alisema.

"Ulikuwa na haki ya kuogopa."

"Sikuja kuomba msamaha, dada. Nimekuja kukuambia nimemkagua mwenyewe asubuhi hii, kichwa kizima, nywele kwa nywele." Akainama karibu yangu, akashusha sauti. "Nyuma ya sikio la kulia kuna kidoa. Kidogo. Njoo ukione kabla yule mtafuna pipi hajachora mistari yake."

Nikachukua glavu, nikamfuata.